NAIROBI MPAKA JEDDAH: MASAFA NI YALEYALE, MUDA NDIO ULIOPUNGUA



Sifa njema zote ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, sisi watu wa Jericho tuna bahati ya ajabu. Mtu anatoka Jericho akaingia Jerusalem kwa miguu, na chai aliyoiacha nyumbani bado haijapoa. Mitaa yetu hii miwili ya Eastlands ilipewa majina ya miji ya Palestina. Jericho ndio Ariha, na Jerusalem ndio Baitul Muqaddas. Kule kwenyewe, miji hiyo miwili haiko mbali pia. Ukipiga mstari ulionyooka haifiki kilomita 30. Lakini Mpalestina wa Ariha asiye na kibali cha Israel haingii Jerusalem, hata kama ana gari na tangi limejaa mafuta.

Basi tujue kwamba umbali kati ya mji na mji una hesabu mbili. Kuna hesabu ya kilomita, na hiyo haibadiliki. Na kuna hesabu ya muda, ambayo hubadilika kulingana na chombo unachopanda, pesa ulizo nazo na nani ameshika mlango.

Kila Ramadhan vijana wetu huuliza habari za Umra, kwa sababu Mtume (SAW) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Umra katika mwezi huu ina thawabu za Hija. Na swali la kwanza huwa ni lile lile: "Kwani Nairobi mpaka Jeddah ni masaa mangapi?" Jibu ni fupi. Kwa ndege ya moja kwa moja ni kama masaa matatu unusu mpaka manne. Lakini nyuma ya jibu hilo kuna historia ndefu, na ndani yake kuna somo ambalo tusipolishika tunaweza kufika Makka haraka na tukaharibu ibada haraka vile vile.

KILOMITA NI NGAPI?

Chukua atlasi ya shule. Nairobi iko chini kidogo ya ikweta, zaidi ya digrii 1 kusini. Jeddah iko kwenye digrii 21 na nusu hivi kaskazini. Tofauti yake ni kama digrii 23. Kila digrii moja ya kwenda kaskazini ni karibu kilomita 111. Zidisha, utapata zaidi ya kilomita 2,550. Ongeza kidogo kwa kuwa Jeddah imeelekea mashariki kuliko sisi, unafika karibu kilomita 2,570. Umeshapata masafa ya ndege bila kumuuliza rubani.

Hesabu hii ina mchango mkubwa wa Waislamu. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad kuanzia 813 mpaka 833, aliwatuma wanachuoni wa nyota kwenye uwanda wa Sinjar, katika Iraq ya leo, wakapime digrii moja ya ardhi ina urefu gani. Walitembea kufuata kaskazini na kusini huku wakipima nyota, mpaka digrii moja ikakamilika. Na Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa 973, aliandika kitabu kizima kuhusu namna ya kujua mahali pa miji na umbali kati ya mji na mji. Alikimaliza mwaka wa 1025. Moja ya makusudio yake makubwa ilikuwa kuujulisha mji wa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, kibla chake sawasawa.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Mstari mfupi kabisa kati ya miji miwili juu ya ardhi iliyo mviringo ndio mstari ambao rubani huutafuta ili asimalize mafuta bure. Na mstari huo huo ndio ambao muislamu huutafuta ili aelekee kibla. Sisi wa Nairobi kibla chetu ni kaskazini, na kimeegemea mashariki kama digrii 7 tu. Jeddah iko kwa upande huo huo. Kwa hivyo ndege ya Jeddah ikishanyanyuka Embakasi na kushika njia yake, sehemu kubwa ya safari pua yake huwa inaelekea kule kule ambako wewe huelekeza uso wako mara tano kwa siku.

ZAMA ZA MAJAHAZI

Wazee wa pwani hawakuwa na mstari ulionyooka. Aliyetoka Lamu au Mombasa kwenda Hija alisafiri kwa jahazi, akaifuata pwani ya Somalia, akazunguka ile pembe ya Afrika, akaingia mlango wa Babul Mandab, ndio apande Bahari ya Sham mpaka Jeddah. Njia hiyo kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 4,000 za maji.

Tena hakuondoka siku aliyotaka yeye. Chombo cha matanga kiliongozwa na pepo mbili. Kaskazi, ambayo huvuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka kama mwezi wa Machi, iliyaleta majahazi ya Uarabuni huku kwetu. Kusi, inayoanza kama mwezi wa Aprili, iliyarudisha juu. Hata kusi yenyewe haikupandwa ovyo ovyo. Katikati yake, kama Juni na Julai, bahari huchafuka na manahodha hawakuthubutu kutoka.

Sasa weka jambo la pili juu yake. Upepo hufuata jua, lakini Hija hufuata mwezi, na kila mwaka Hija husogea nyuma kama siku 10 au 11, mpaka ikamaliza misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Kuna miaka ambayo kusi na Dhulhijja zilipatana vizuri. Na kuna miaka ambayo hazikupatana kabisa, na ikabidi mtu aondoke miezi mingi kabla, akae Yemen au Hijazi akisubiri. Halafu akishamaliza Hija, asubiri tena kaskazi ya kumrudisha nyumbani. Hata karibu na mwisho wa njia mambo hayakuwa rahisi, maana sehemu ya juu ya Bahari ya Sham upepo hutoka kaskazini mwaka mzima, yaani unakupiga usoni wakati Jeddah iko mbele yako.

Ndio maana msafiri wa Hija aliaga kama mtu anayekufa. Alilipa madeni, akaandika wasia, akaomba radhi kwa majirani. Haikuwa mapambo. Mtu hakujua kama atarudi.

MELI YA MOSHI NA KARANTINI

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka wa 1869. Mwaka wa 1872 kampuni ya Kiingereza ya British India ikaanza kuendesha meli za barua kati ya Aden na Zanzibar. Meli ya moshi haiulizi kusi wala kaskazi. Kwa mara ya kwanza mtu wa Afrika Mashariki aliweza kuhesabu siku za safari na hesabu ikawa karibu na ukweli.

Lakini mlango mwingine ukafungwa. Kipindupindu kilikuwa kimewaua mahujaji wengi sana mwaka wa 1865, kikaenea mpaka Ulaya, na dola kubwa zikaanza kuweka masharti ya afya kwa wasafiri wa Hija. Mwaka wa 1882 Waturuki wa Kiuthmani, ambao ndio waliokuwa wakitawala Hijazi, waliweka karantini katika kisiwa cha Kamaran, ndani ya Bahari ya Sham upande wa Yemen. Mahujaji waliotoka upande wa Bahari ya Hindi walishushwa hapo, wakazuiliwa, nguo zao zikafukizwa, ndio waruhusiwe kuendelea. Kwa hivyo muda uliopunguzwa na mashine ulirudishwa, kwa sehemu yake, na sheria.

Huku bara nako reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Ni njia ile ile ambayo watu wa mtaa wetu wanaijua kwa stesheni ya Makadara. Muislamu wa Nairobi aliyekuwa na uwezo sasa alishuka Mombasa kwa gari la moshi, halafu akatafuta meli. Safari ilikuwa bado ni ya majuma, lakini haikuwa tena ya mwaka.

NDEGE ZINAINGIA

Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways hapa Nairobi mwaka wa 1929. Mwaka wa 1946 ikaundwa East African Airways, ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wakati huo uwanja wa Nairobi ulikuwa Eastleigh, hapo hapo Eastlands, mahali ambapo leo ni kambi ya jeshi la wanahewa.

Ndege kama DC-3 zilikwenda kama kilomita 280 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 2,570 ni masaa 9 hewani, bila kuhesabu kushuka njiani kutia mafuta. Mwaka wa 1960 East African Airways ilipata ndege za jeti aina ya Comet, zilizokwenda karibu mara tatu ya mwendo huo. Hapo ndipo hesabu ya leo ya masaa yasiyofika manne ilipowezekana.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwezi wa Mei 1958, nao ndio leo tunaouita Jomo Kenyatta. Inafaa tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na wafungwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, kwa majembe na sururu, si kwa hiari yao. Hujaji anayenyanyuka pale na ihramu yake asisahau kwamba urahisi wake ulijengwa kwa jasho la waliodhulumiwa.

Upande wa Jeddah, kituo maalum cha mahujaji katika uwanja wa Mfalme Abdulaziz kilifunguliwa mwaka wa 1981. Paa lake ni mahema makubwa yanayoleta kivuli na kupitisha hewa. Mmoja wa wahandisi wake wakuu alikuwa muislamu, Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka mwaka wa 1929, aliyepata sifa duniani kwa majengo marefu ya Chicago. Alifariki Jeddah mwaka wa 1982. Vijana mnaosoma hesabu na fizikia, msidhani masomo hayo yako mbali na dini.

Je, milango imefunguka yote? La. Mwaka wa 1988 mkutano wa nchi za Kiislamu mjini Amman ulikubali kila nchi ipewe nafasi za Hija kwa kiasi cha hujaji mmoja kwa kila Waislamu 1,000. Zamani mtu alisubiri upepo; sasa anasubiri nafasi, na anasubiri pesa. Na mwaka wa 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, Hija ilifanywa na waliokuwa ndani ya Saudia peke yao. Ndege zilikuwepo, kilomita zilikuwa zile zile, na hakuna hujaji hata mmoja aliyetoka Kenya. Aliyekuwa amejiwekea "nitaenda tu siku moja, si ni masaa manne" alipata jibu lake.

SHARIA INAPIMA NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kuna vijana husema: "Ruhusa za msafiri zilikuwa za watu wa ngamia. Mimi nimekaa kwenye kiti, naletewa juisi, nitapunguza swala kwa shida gani?" Swali hili si jipya. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 Hijria (1277), katika kitabu chake Minhaj, ambacho ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi, alieleza kwamba hukumu ya bahari ni ile ya nchi kavu, na kwamba hata mtu akiyamaliza masafa hayo baharini kwa saa moja, kupunguza kwake ni sawa. Alisema hivyo zaidi ya miaka 600 kabla ya ndege. Kumbe kinachopimwa ni masafa. Muda na uchovu sio kipimo.

Masafa yenyewe ni marhala mbili, ambazo wanachuoni wengi huzikadiria kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Ngamia huzikata kwa siku mbili. Ndege inayokwenda kilomita 850 kwa saa huzikata kwa dakika kama 6. Ruhusa ni ile ile, kwa sababu ni sadaka ya Mola kwa waja wake, na sadaka ya Mola haikataliwi.

Funga nayo ni hivyo hivyo. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, aliyeamka na funga yuko nyumbani, alfajiri ikamkuta mjini, halafu akasafiri mchana, huikamilisha funga ya siku hiyo. Ruhusa ni ya aliyetoka mjini kabla ya alfajiri. Kwa hivyo angalieni saa ya tiketi, na muulizeni sheikh wenu kabla.

Na kufuturu je? Saa ya Kenya na saa ya Saudia ni moja, hakuna kugeuza mishale. Lakini magharibi si moja. Mwezi wa Juni jua la Jeddah huzama kama nusu saa baada ya la Nairobi, na Desemba huzama mapema kuliko letu. Tena ukiwa juu kilomita 10 au 11, unaliona jua dakika kadhaa baada ya kuwazamia walio chini yako. Msafiri wa ndege hufuata jua analoliona yeye. Asifuturu kwa adhana ya simu iliyopangwa kwa Nairobi huku jua linamwangaza dirishani.

Zito kuliko yote ni mikati. Mtume (SAW) ameweka mipaka ambayo mwenye kunuia Hija au Umra haivuki bila ihramu. Yalamlam, mikati ya watu wa Yemen, iko kusini mwa Makka, karibu kilomita 100. Anayetoka kwetu kwa ndege huwa sambamba na mipaka hii akiwa hewani, dakika chache kabla ya kutua. Zamani hujaji aliambiwa jana yake kwamba kesho tutafika mikati, akaoga, akajitayarisha. Leo rubani hutangaza, na ukiwa umelala imekupita. Mwaka wa 1986 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman, iliamua kwamba anayekwenda kwa ndege lazima ahirimie anapokuwa sambamba na mikati, asingojee mpaka Jeddah. Aliyeivuka bila ihramu hurudi, au huchinja. Ndio maana maimamu wengi hushauri nguo za ihramu zivaliwe nyumbani au uwanjani, na nia iwekwe mikati inapokaribia. Na wanaokwenda Madina kwanza, mikati yao ni Dhul Hulaifa, hapo Abyar Ali.

KILICHOPOTEA NJIANI

Miezi ile ya jahazi ilikuwa taabu, lakini ilikuwa pia madrasa. Mtu akikaa chomboni wiki kwa wiki na watu wanaojua, hujifunza nguzo za Hija, dua za tawafu, mambo yanayoharibu ihramu. Alijifunza subira, maana alilala njaa na mwenzake. Alipofika Jeddah nafsi yake ilikuwa imeshafika zamani.

Ndege imetupunguzia muda wote huo. Haikutupunguzia hata faradhi moja, hata shuruti moja. Mtu anaweza kula daku Jericho na akaiona Al-Kaaba siku hiyo hiyo kabla ya isha, na hajui tofauti ya wajibu na nguzo. Miezi ambayo hatuitumii baharini ni deni, na deni hilo hulipwa hapa mtaani kabla ya kupanda ndege.

Kulipa kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni elimu. Anayenuia Umra au Hija ahudhurie darsa miezi kadhaa kabla, asome bab ya Hija mpaka mwisho, asiseme "nitamfuata kiongozi wa kundi." Ya pili ni akiba. Malaysia walianza mfuko wa akiba ya Hija mwaka wa 1963, baada ya msomi Ungku Aziz kuonyesha kwamba wakulima walikuwa wakiuza mashamba na mifugo ili wapate nauli, halafu wanarudi mafukara. Watu walianza kuweka kidogo kidogo, kwa njia ya halali, na mfuko ule, Tabung Haji, ukawa mkubwa kupindukia. Na sisi vyama tunavijua. Kina mama wa Jericho na Maringo wamenunua viti, vyombo na mashamba kwa vyama. Nini kinachotuzuia kijana wa miaka 20 kuanza chama cha Hija, badala ya kungojea mpaka magoti yaume?

Katika Suratun Nahl, baada ya kutajwa wanyama wanaobeba mizigo mpaka miji ambayo hatungeifikia ila kwa mashaka, tumejulishwa kwamba Allah (SW) huumba na tusivyovijua. Wanachuoni wengi wa zama zetu wameona ndege ni katika hivyo. Ni neema, na neema ina maswali yake Siku ya Kiyama. Babu zetu wanaweza kusema: Ya Rabbi, upepo haukuvuma. Sisi, ambao uwanja uko chini ya kilomita 10 kutoka mlangoni kwetu, tutasema jam ya Outering?

Allah atujaalie tuwe katika wageni wa nyumba Yake, awape waliotangulia safari njema ya mwisho, na azikubali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.